Asilimia 68 ya Ncha ya Kusini si asilimia 68 ya Tanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nisahihishe sentensi moja. Makala yenu kuhusu Antaktika ilieleza kwamba kituo cha Amundsen-Scott, pale kwenye Ncha ya Kusini, kilisoma nyuzi -40 na unyevu wa asilimia 68, ikaulinganisha na wa Tanga, kisha ikahitimisha kuwa hewa ya huko si kavu kama inavyodaiwa. Tarakimu hazina tatizo. Maana iliyotolewa ndiyo iliyopinda, tena imepinda mara mbili.

Tuanze na kiasi. Hewa ya Tanga yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 68 ina karibu gramu 21 za mvuke wa maji katika kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi -40, hata ikishiba mvuke mpaka mwisho, ina gramu 0.12. Tofauti yake inapita mara 170. Ikishuka hadi nyuzi -60, jambo la kawaida huko kati ya Aprili na Septemba, kinachobaki ni miligramu 11 tu. Asilimia haitaji kuna maji kiasi gani. Inataja hewa imejaa kwa kadiri gani ya uwezo wake, na uwezo wa hewa baridi ni kibaba mbele ya gunia.

Halafu, imejaa ikilinganishwa na nini? Hapa hata wenye vyeti huteleza. Kwa utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO), unyevu wa asilimia hupigiwa hesabu dhidi ya maji ya kimiminika, hata pale ambapo nje hakuna tone lisiloganda. Lakini molekuli za barafu zimeshikana kwa nguvu kuliko za maji, kwa hiyo mvuke unaotosha kushibisha hewa juu ya barafu ni mdogo zaidi. Kwenye nyuzi -40, mgandamizo wa mvuke ulioshiba, yaani msukumo wa mvuke hewa ikiwa imejaa, juu ya maji ni hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 0.190, juu ya barafu ni 0.128. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, utapata asilimia 68. Yaani kipimo mlichokichapisha ni cha hewa iliyojaa pomoni, tayari kuangusha chembe za barafu. Anayetaka kuhakiki atumie fomula ya Magnus: kwa barafu, 6.112 mara e (namba 2.718) kwa kipeo cha 22.46t/(272.62+t), kwa maji, badala ya 22.46 na 272.62 aweke 17.62 na 243.12, t ikiwa nyuzi za Selsiasi.

Kama ni hivyo, mtu atauliza, mbona wasipime moja kwa moja? Kupima ndiko kwenye kazi. Vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine chenye kitambaa cha maji, ambavyo vimetumika miaka nenda miaka rudi kwenye vituo vyetu, huko havifai kitu. Kwenye nyuzi -40 na mgandamizo wa hektopaskali 1000, hata hewa isiyo na mvuke kabisa ingekiteremsha kile chenye kitambaa, ambacho hapo kimeganda, kwa nyuzi 0.2 tu chini ya mwenzake. Kwenye -60 ni 0.02. Kosa la kipimajoto lenyewe limeshameza jibu. Kipimo cha unywele, kinachotumia unywele unaorefuka ukipata unyevu, nacho huwa kizito mno kwenye baridi hiyo.

Vituo vingi vinavyojiendesha hutumia kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme, yenye utando wa polima (aina ya plastiki) unaonyonya mvuke. Ni rahisi, hakili umeme mwingi, ila kina maradhi matatu. Kwanza, baridi inakichelewesha: kinachojibu kwa chini ya sekunde moja kwenye joto la chumbani kinaweza kuhitaji dakika nzima au zaidi kwenye -60, na kikiwa kimefungwa kwenye puto linalopaa mita tano kwa sekunde, kinasoma hewa iliyokwisha kupitwa. Pili, jua likikipiga kinapata joto kuliko hewa inayokizunguka, kikasoma ukavu usiokuwapo. Tatu ndilo gumu zaidi. Hewa ya Antaktika mara nyingi hubeba mvuke uliozidi kiwango cha kushiba juu ya barafu, kwa kuwa ni safi na ina vumbi chache za kugandia. Hewa hiyo ikigusa kifuniko cha kipimo, ziada yote inaganda hapo hapo. Kipimo kinasoma asilimia 100 dhidi ya barafu, siku baada ya siku, na grafu inaonekana nzuri kweli kweli.

Kwenye Dome C, sehemu ya uwanda wa juu wa Antaktika penye kituo cha Wafaransa na Waitalia kiitwacho Concordia, mita 3233 juu ya bahari, watafiti walilitatua hilo kwa kupasha joto mdomo wa kuvutia hewa. Hewa inaingia kwenye bomba lenye joto kuliko nje, kwa hiyo haigandi njiani. Ndani ya bomba wanapima unyevu na joto, wanapata mgandamizo wa mvuke, kisha wanaugawanya kwa mgandamizo wa kushiba juu ya barafu kwa joto la nje, linalosomwa na kipimajoto cha pembeni. Ndipo asilimia zilizopita 100 zikaanza kuonekana mara kwa mara. Kipimajoto hicho cha pembeni hakitaki mzaha: kwenye -60, kukosea nyuzi moja kunaharibu jibu kwa takribani asilimia 13, ilhali kwenye nyuzi 30 za kwetu ni kama 6. Kikiwekwa ndani ya kifuniko cha kukinga jua kisicho na feni, siku ya kiangazi yenye jua na upepo hafifu, theluji nayo ikirudisha mwanga kutoka chini, kinaweza kusoma zaidi ya nyuzi 10 juu ya ukweli. Feni ni lazima.

Kipimo kinachoheshimiwa zaidi ni cha kioo baridi. Kioo kidogo kinapozwa kwa umeme, taa inakimulika, na kifaa cha mwanga kinatazama lini sakitu inaanza kutanda, ile barafu nyembamba inayolala kwenye majani ya Makete na Njombe alfajiri za Juni na Julai. Joto la kioo wakati sakitu haiongezeki wala haipungui ndilo kiwango cha sakitu, na hilo linakupa mvuke bila kubahatisha. Ubaya wake ni subira. Lita moja ya hewa kwa dakika, kwenye -60, inaleta mikrogramu 11 za maji. Kioo kinachukua muda mrefu kupata utando wa kutosha, kidhibiti cha joto la kioo kinakosa utulivu, namba zinapanda na kushuka. Dawa yake ni kupunguza ukali wa kidhibiti na kuingiza hewa yenye unyevu kidogo mwanzoni ili sakitu ya kwanza ishike, kisha kukiacha kitulie. Na kioo kikiwa karibu na -20, hakikisha kilichotanda ni barafu na si umande uliokataa kuganda, maana tofauti kati ya viwili hivyo hapo ni nyuzi mbili nzima. Kipoze hadi chini ya -40, kisha kirudishe juu taratibu. Hapo ni barafu, hapana shaka.

Mirija iwe ya chuma kisichoshika kutu kilichong'arishwa ndani. Mpira na nailoni hunywa maji na kuyatoa kwa siku kadhaa, ukadhani unapima anga kumbe unapima bomba. Fundi naye asipumulie karibu na mdomo wa kuvutia hewa: pumzi moja ya nusu lita ina karibu miligramu 18 za maji, sawa na zilizomo katika mita moja na nusu ya ujazo ya hewa ya -60.

Kwa safu nzima ya anga, kutoka theluji hadi juu, hutumika radiomita, vifaa vinavyopokea mawimbi ya redio yanayotolewa na mvuke wenyewe. Zile za kawaida husikiliza mvuke kwenye masafa ya gigahezi 22, lakini kosa lake ni sehemu chache za kumi za milimita, na maji yote yaliyo juu ya Ncha ya Kusini majira ya baridi, yakikamuliwa, hayafiki nusu milimita. Kwa hiyo huhamia gigahezi 183, ambako mvuke hutoa ishara kubwa zaidi. Ukavu huohuo ndio uliowavuta wanaastronomia kujenga pale darubini ya sahani ya mita 10. Kwa puto, kipimo cha kioo baridi kilizoea kupozwa kwa gesi ya R23, ambayo hupasha dunia mara 14,800 kuliko kaboni dioksidi kwa uzito uleule katika miaka 100. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, ya Itifaki ya Montreal inayodhibiti gesi za kupozea, yameibana gesi hiyo, hivyo mafundi wa puto wanatafuta namna nyingine za kupoza.

Msidhani haya ni ya Antaktika peke yake. Mwaka 2000 kiliwekwa kituo cha hali ya hewa kwenye barafu ya kaskazini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Tuseme huko juu ni nyuzi -10, hewa na barafu sawia, na kipimo kinasoma asilimia 85. Hiyo ni dhidi ya maji. Dhidi ya barafu ni karibu 94. Mwandishi au mwanafunzi akiichukua 85 kana kwamba ni ya barafu, pengo la mvuke linaloifanya barafu igeuke mvuke linatoka hektopaskali 0.16 na kuwa 0.39, na barafu ya Kilimanjaro kwenye karatasi yake inapotea kwa kasi iliyozidi mara mbili. Ninachoomba ni kwamba, popote mtakapochapisha unyevu wa mahali pa chini ya sifuri, mwandike kama ni dhidi ya maji au barafu, na pembeni muweke kiwango cha sakitu.

Mpimaji wa hali ya hewa,
Morogoro