Vichaka vya ufukweni vistahili kupandwa bustanini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaoishi kando ya bahari, hususan upande wa mashariki wa Unguja, ambao kila mwaka tunanunua miche ya maua, tunaipanda kwa matumaini, kisha pepo za kusi zinaposhika kasi tunabaki na vijiti vikavu.

Nyumba yangu ipo Jambiani, hatua chache kutoka ufukweni. Miaka mitatu iliyopita nilinunua miche kumi ya haibiskasi ya maua makubwa mekundu, na muuzaji akanihakikishia kuwa ni mmea sugu usio na msimu. Ilipofika Juni, majani yaliyoelekea baharini yalikuwa yamebabuka kingoni, ya kahawia na makavu, ilhali yaliyoelekea nyumbani yalikuwa bado ya kijani. Nilichuma jani moja nikaligusa kwa ulimi, nikakuta ni chumvi tupu. Miche ile haikufa kwa kukosa maji, maana nilikuwa nikiimwagilia asubuhi na jioni. Iliuawa na rasharasha za bahari zinazobebwa na upepo na kutua juu ya majani mapana, laini, huku upepo wenyewe ukiyakausha upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyaletea maji.

Mmea unaostahimili hali hiyo tunao, tena haununuliwi. Juu kidogo ya mstari wa maji kujaa huota kichaka ambacho wataalamu wa mimea hukiita Scaevola taccada. Majani yake ni manene, yanayong'aa kama yaliyopakwa nta, nayo hubaki ya kijani mwaka mzima. Ua lake ni jeupe na petali zake tano zote zimekaa upande mmoja, hata mtu asiyelijua hudhani limechanwa nusu. Matunda yake meupe huelea, na bahari ndiyo inayoyasambaza kutoka pwani moja hadi nyingine. Tawi lililokatwa likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu hutoa mizizi bila taabu, na baada ya hapo mizizi hiyo huushika mchanga usipeperushwe. Inasikitisha kwamba wengi wanaojenga ufukweni huanza kazi kwa kuking'oa kichaka hiki, wakikiona ni magugu, kisha hutafuta maua ya kupanda mahali palepale.

Nyuma ya mstari huo napendekeza Carissa macrocarpa, ndugu wa mtandamboo wetu, ambaye asili yake ni pwani ya Msumbiji na Afrika Kusini. Maua yake meupe yana harufu inayokaribia ya asumini, matunda yake mekundu huliwa yakiiva, na miiba yake huzuia mbuzi. Bogenvilia nayo huvumilia upepo na chumvi, mradi isimwagiliwe kupita kiasi, kwa sababu ikilewa maji huota majani mengi na kusahau maua. Olianda ni imara kuliko zote hizi na inauzwa kila mahali, lakini kila sehemu yake ina sumu, tangu jani hadi mzizi. Mwenye watoto wadogo au mifugo nyumbani, namsihi asiipande kamwe.

Jambo jingine linalotuponza ni imani kwamba ukuta wa matofali utaikinga bustani. Upepo ukigonga ukuta mzima hupanda juu yake kisha huanguka upande wa pili kwa vurugu, na miche iliyopo hapo hupigwa huku na huku. Ua wa vichaka unaopitisha karibu nusu ya upepo huupunguza nguvu polepole, na kinga yake hufika umbali wa takribani mara 10 ya kimo chake; kwa hiyo kichaka cha mita moja na nusu kinaweza kuhifadhi kiasi cha mita 15 za bustani.

Kuhusu wakati wa kupanda, mazoea yetu ni kungoja masika, na sababu yake ni mvua. Kwa bustani za upande huu mimi naona vuli ni bora, wakati wa tanga mbili pepo zinapotulia, ili mche upate miezi ya kushika ardhi kabla ya kusi. Mche wenye kimo cha futi moja hufaulu kuliko ule mrefu uliokaa koponi muda mwingi, na ukilazimika kuufunga kijiti, ufungwe chini na kwa kulegea, kwani shina linaloachwa liyumbe kidogo ndilo linalonenepa.

Mwaka jana, nyuma ya ua wangu uliofika kifuani, nilipanda tena asumini. Mwaka huu kusi imepita na asumini ipo, na wanangu wanachuma maua ya kikuba uani kwetu.

Ninachoomba kupitia gazeti lako ni kwamba wenye vitalu vya miche waoteshe vichaka vya pwani yetu na kuviuza kama wanavyouza maua ya kigeni, na wamweleze mnunuzi kwa uwazi ni mche upi hauwezi kuelekezwa baharini. Wenye viwanja vya ufukweni nao wabakize walau mstari mmoja wa vichaka walivyovikuta.

Wako msomaji,
Jambiani, Unguja