Mama, pesa za kumpunga Faiz sitatuma

Manchester

Mpendwa Mama,

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi mwanao ni mzima, alhamdulillahi. Baridi ipo na kazi ipo, sina la kukusumbua nalo. Dua yangu ni nyote hapo Kibokoni muwe wazima na goti lako lisikutese tena. Rukia, wewe unayemsomea Mama, soma taratibu na usiruke kitu, hata pale utakapoona haya.

Nimepata ujumbe wa ndugu yangu Omari. Elfu sitini za kumpeleka mwanawe Faiz kwa mganga wa Kwale apungwe jini, na mbuzi mweusi juu yake. Niliusikiliza nikiwa kituoni, basi likaja likapita mimi nimesimama palepale. Jibu langu ni hapana. Sitatuma hata ndururu ya kumpunga yule mtoto, si mwezi huu wala mwezi ujao, na Omari asiende akakopa kwa jina langu kama alivyofanya wakati wa ile injini ya mashua.

Mama, nisikilize, kwa sababu hili nimekaa nalo muda mrefu. Mwaka jana mwezi wa Oktoba nilipimwa hapa, wakaniandikia kwamba nina usonji, ndiyo hiyo wanayoiita autism. Si maradhi niliyoyaokota Ulaya. Nimezaliwa nao, na nitakufa nao. Ndiyo maana nilikupigia simu siku ile nikakuuliza nilitembea lini, nilisema lini, nilikuwa nikicheza na nani, ukafurahi ukadhani nina mimba. Walitaka habari za utotoni kutoka kwa mtu aliyenilea. Nawe ulikumbuka vyote: kwamba nilianza kusema mapema, maneno mazima mazima, lakini nikiitwa sigeuki, kwamba nikivalishwa nguo mpya nalia mpaka ikatwe kile kitambaa cha shingoni. Uliyasema mwenyewe, mimi nikayaandika.

Basi Faiz ndiye mimi. Yeye hajasema bado na mimi nilisema, hiyo ndiyo tofauti kubwa, maana usonji hauji kwa sura moja. Lakini huko kuzungusha vifuniko vya sufuria, huko kuziba masikio ikiwashwa mashine ya kusaga nazi, huko kukataa ugali ukigusana na mchuzi, yote nayajua kwa ndani. Mnasema anafanya makusudi. Hafanyi. Ile sauti inamuuma.

Mnaikumbuka harusi ya Sauda? Nyinyi mnakumbuka leso za sare na biriani. Mimi nakumbuka tarumbeta za beni zikiingia kichochoroni, udi, vigelegele sikioni, na mikono ya watu nisiowajua ikinishika mashavu. Nilikimbilia chini ya kitanda cha Bibi nikajiuma mkono. Shangazi Mwanaheri akanivuta kwa mguu mbele ya wageni, akanipiga, akasema nimewaaibisha. Kesho yake ikaamuliwa nina jini. Nililetewa kombe katika ile sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu. Maandishi ya zafarani yalikuwa mazuri sana, nilikuwa nikiyasoma mstari kwa mstari, kisha yakamiminiwa marashi yakafutwa ninywe. Nililia kwa sababu yamefutwa. Mkasema jini ndilo linalolia. Yule mganga akaletwa, nikafunikwa shuka nikafukizwa mpaka nikazimia, mkasema sasa limetoka.

Sikatai dua, Mama. Dua nasoma na mimi, na Faiz msomeeni kila usiku. Ninachokataa ni mtoto kufukizwa, kufungiwa chumbani wageni wakija, na kutiwa mikononi mwa mtu anayedai kuna adui ndani yake wa kutolewa. Mtoto anayeambiwa hivyo anaamini. Mimi niliamini mpaka nikawa mtu mzima. Usiku huku nikiwa peke yangu nilikuwa najiuliza kama limerudi.

Mtauliza, kama nilikuwa hivyo, mbona shuleni nilifaulu na mbona hamkujua. Hamkujua kwa sababu nilikuwa msichana. Nikiangalia chini badala ya kumwangalia mtu usoni, mlinisifu kwa haya. Nikinyamaza mbele ya wageni, nina adabu. Hata madaktari walichelewa kutuona. Daktari Leo Kanner, yule wa Baltimore aliyeandika juu ya usonji mwaka 1943, alieleza habari za watoto 11, na wa kike walikuwa 3 tu. Kabla yake daktari wa kike wa Moscow, Grunya Sukhareva, alikwishaandika mwaka 1925 kuhusu wavulana sita wa namna hiyohiyo, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa. Kazi yangu ni kutafuta nani alifanya nini kwanza, kwa hivyo dhuluma kama hiyo inanikera.

Na kazi yangu sasa niiseme, maana Omari anamwambia kila mtu nafagia jumba la makumbusho. Sifagii. Mimi ndiye ninayesimamia orodha ya nguo zote za Afrika Mashariki katika ghala letu. Mwezi wa Machi nilifungua sanduku moja, nikatoa leso kuukuu, nyekundu iliyoiva na pindo jeusi, imekunjwa vibaya tangu zamani. Kwenye kadi wameandika ni kitambaa chenye aya za Kiarabu. Nikaitandaza mezani, nikaona imewekwa juu chini. Nikaigeuza. Herufi ni za Kiarabu, lakini maneno ni ya Kiswahili chetu, jina la leso kama majina mengine, la mke anayemsema mke mwenzake! Hakuna aliyelisoma tangu iingie mle. Nimerekebisha kadi hiyo na nyingine nyingi baada yake, na mkuu wetu aliniita mbele ya wote akasema hajapata kuona mtu mwenye jicho kama langu. Leso kadhaa nimezitambua kwa pindo tu, kabla ya kufika kwenye jina.

Jicho hilo nilipewa na Bibi, Allah amrehemu. Mnakumbuka mlivyokuwa mkinikemea nikishinda sakafuni chumbani mwake nikipanga leso zake sandukuni, za chapa ya Mali ya Abdulla upande mmoja, nyingine upande mwingine, kwa herufi ya kwanza ya jina, na mtu akikunja moja tofauti nazitoa zote naanza upya? Mlisema nimepagawa na vitambaa. Bibi alisema, "Mwacheni, anasoma." Akanifundisha herufi kwa barua za babu yake. Akanichukua Barabara ya Biashara kwa Kaderdina, duka lililoanza 1887, nikasimama mbele ya marobota mapya nikiyasoma yote, naye hakunivuta mkono hata mara moja. Wageni wakija hakunilazimisha kuwabusu mikono. Aliniambia mapema nani anakuja na atakaa mpaka saa ngapi. Hakuwa amesoma kitabu chochote cha madaktari. Alinitazama tu akaona kinachoniumiza na kinachonipa raha. Kila nilicho nacho leo kimetoka mle chumbani.

Ninapoandika haya ni saa kumi jioni na kiza kimeshaingia. Natamani mahamri na mbaazi za asubuhi, Mama, na ile njia ya Msikiti wa Mandhry baada ya mvua. Watu huku si wabaya. Kazini wamenihamisha chumba chenye taa isiyovuma, navaa vizibo masikioni na hakuna anayeniuliza. Sheria yao ya usawa ya 2010 inamtaka mwajiri afanye hivyo. Lakini hakuna anayejua mimi ni mjukuu wa nani.

Sasa la Tima, mke wa Omari. Nimesikia mnasema mtoto ameharibika kwa upande wake, ati kwao kuna kitu, na Shangazi anamshauri Omari aoe mwingine. Hili limenikasirisha kuliko elfu sitini. Utafiti mkubwa uliotolewa 2019, wa watoto zaidi ya milioni 2 katika nchi tano, ulionyesha kwamba karibu asilimia 80 ya sababu za usonji ni urithi. Haya, urithi wa nani? Mimi ni shangazi yake Faiz. Na Babu Shee je? Alikaa jiwe lilelile bandarini kila alasiri, hakula ila katika bakuli lake, akajua maji kujaa na kupwa ya mwezi mzima kwa kichwa, na mtu akimsalimia njiani anapita. Mlimwita mcha Mungu. Kama mnatafuta ilikotoka damu, imetoka kwetu, na mimi siioni kuwa aibu. Tima amelala macho na mtoto huyu miaka mitano. Ndiye aliyegundua kwamba akiimbiwa kwa sauti ya chini anatulia. Mnamwita mkosi?

Rukia, na wewe nimesikia umesimamisha chanjo ya surua ya mtoto wako kwa kuogopa kwamba inaleta usonji. Uvumi huo ulianzia hapa Uingereza mwaka 1998, kwa makala ya daktari Andrew Wakefield kuhusu watoto 12. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta makala hiyo, na yeye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Wadenmark wakafuatilia watoto 657,461 na hawakuona chanjo hiyo ikileta usonji. Surua inaua. Mpeleke kesho.

Pesa nitatuma, Mama, usidhani nimewatupa. Natuma elfu thelathini na tano, kwa M-Pesa ya Tima, si ya Omari. Ampeleke Faiz kwenye kituo cha serikali cha kupima watoto na kuwaelekeza shule, vile vituo vilivyoanzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark. Wamtazame masikio kwanza, kisha waseme anafaa darasa gani. Aulize pia kuhusu mafunzo ya kusema na kadi za picha, maana asiyesema kwa mdomo anaweza kuonyesha anachotaka kwa picha. Na ile shule ya chekechea aliyopigwa kwa fimbo asirudishwe. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kimekataza kumpiga mwanafunzi. Tima akimwona mwalimu mkuu amwambie hivyo, kwa namba ya kifungu.

Hafswa anakuja mwisho wa mwezi, nimempa vizibo vikubwa vya masikio vya mtoto, vya kijani. Msimvishe kwa nguvu. Viacheni karibu na vifuniko vyake, atavishika mwenyewe. Akitaka kutoka nje ya chumba kilichojaa watu, atoke. Chakula chake kitengwe, mchuzi pembeni. Mkimpeleka mahali mwambieni tangu asubuhi, hata mkidhani hasikii. Anasikia. Na sanduku la Bibi lililo chumbani kwako, Mama, naomba umfungulie achezee leso zile. Akizitoa zote, mwacheni.

Omari akiwa na neno aniambie mimi kwa simu, Jumamosi jioni nipo. Tima msimguse kwa hili, na neno la talaka nisilisikie. Kama hamumtaki pale, nitamkodishia chumba yeye na mwanawe, na kila senti ninayotuma nyumbani itapitia kwake.

Nisalimie Sauda na watoto, Mzee wa dukani, na Shangazi Mwanaheri pia. Hafswa akirudi mpe doti mbili za leso mpya, zozote, ila zisiwe zimekunjwa.

Wabillahi tawfiq.

Mwanao,
Zuhura