Barua kwa mwanangu: Jua lisilozama na barafu isiyoyeyuka

Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali ulilouliza mwishoni limenifurahisha kuliko alama zako za mtihani: ikiwa jua halizami kwenye Ncha ya Kusini tangu Septemba hadi Machi, mbona barafu ya huko haiyeyuki?

Mwanga, kwa kweli, haukosekani. Mwishoni mwa Desemba mwanga unaofika huko kwa siku nzima huzidi ule unaotufikia sisi tulio karibu na ikweta. Hata hivyo, jua lenyewe halipandi zaidi ya digrii 23.5, kimo ambacho jua letu la Nairobi huwa limeshukia yapata saa kumi na moja kasorobo jioni, nalo huzunguka hapohapo saa zote bila kufika utosini. Miale yake ya mshazari hutawanyika juu ya eneo kubwa, kisha theluji mpya huirudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga huo. Joto dogo linalosalia hupotea katika usiku wa miezi sita unaofuata. Tena ncha hiyo iko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, na wewe wajua jinsi mwinuko wetu, ulio mdogo kuliko huo, unavyotuvalisha sweta kila Julai. Katika kituo cha utafiti cha Vostok, kilichoko Antaktika, bara lenye ncha hiyo, tarehe 21 Julai 1983, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 89.2 chini ya sifuri.

Ukavu ndio unaonistaajabisha zaidi. Hewa baridi hubeba mvuke kidogo mno, na kwa kuwa ni nzito hushuka, ilhali mawingu ya mvua huhitaji hewa inayopanda. Theluji inayoanguka katikati ya Antaktika, ikiyeyushwa, hutoa takriban milimita 50 tu za maji kwa mwaka, kiasi ambacho masika yetu yaweza kukimwaga kwa siku moja. Bara hilo basi ni jangwa, tena kubwa kuliko Sahara, ingawa barafu yake mahali pengine ina unene unaopita mita 4,000: kidogo kinachoanguka hakiyeyuki, hulaliwa na cha mwaka unaofuata, kwa maelfu ya miaka.

Sasa tafuta kwenye ramani mabonde ya McMurdo, yaliyo Antaktika lakini karibu hayana theluji kabisa, uniandikie unadhani ni kwa nini.

Ni mimi mamako akupendaye.