Barua ya malalamiko: Tulilipia maabara ya kushirikiana, tukasimikiwa kompyuta 21 kama za watu binafsi

Kamati ya TEHAMA,
Shule ya Sekondari,
Wilaya ya Chamwino,
Mkoa wa Dodoma.

Meneja,
Kampuni ya Usambazaji na Usimikaji wa Kompyuta,
Dodoma Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: USIMIKAJI WA MAABARA YA KOMPYUTA USIOLINGANA NA MKATABA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba wetu nanyi ulihusu maabara moja yenye kompyuta 20 za wanafunzi, moja ya mwalimu, seva (kompyuta kuu ya kutunza akaunti na kazi za wote), swichi ya mtandao ya bandari 24, rauta, printa ya leza, UPS (betri za akiba umeme unapokatika) na nyaya zote, pamoja na matengenezo ya kila miezi mitatu kwa mwaka mmoja. Kompyuta zilifika kwa idadi, na zilikuwa zimetumika kabla, kama tulivyokubaliana. Tunacholalamikia ni namna zilivyosimikwa. Chumba hiki kinatumiwa na Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Darasa la wanafunzi 40 hukaa wawili wawili, kengele ikilia wanatoka, na kompyuta ileile inashikwa na mikono mingine. Kuziandaa zistahimili matumizi ya aina hiyo ndiyo kazi tuliyoilipia, nayo haikufanyika.

Majibu yenu kwa simu yalikuwa kwamba wanafunzi wanaharibu na intaneti ya shule ni mbovu. Hatukubaliani, na tunaeleza sababu.

Tuanze na akaunti, maana hapo ndipo mengi yanapoharibikia. Kompyuta zote 20 zina akaunti moja tu, yenye mamlaka ya msimamizi, isiyo na nywila. Mwanafunzi akikaa, anaweza kufuta printa, kuondoa programu, kubadilisha lugha ya kibodi au kuweka michezo kutoka kwenye flashi. Wala si lazima akusudie uharibifu. Virusi vile vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale vinapoingia kwa flashi moja kupitia akaunti ya msimamizi, hakuna kinachovizuia kujisimika ndani ya mfumo mzima, na kila flashi itakayochomekwa baadaye itatoka navyo. Kazi za wanafunzi nazo zimehifadhiwa kwenye eneo-kazi la akaunti hiyohiyo, kwa hiyo Kidato cha Pili wanafuta kazi ya Kidato cha Nne ili wapate pa kuweka ya kwao. Ni sawa na bweni zima kutumia tranka moja lisilo na kufuli.

Kinachotakiwa kinajulikana na kila fundi wa maabara. Kwenye kila kompyuta iwepo akaunti ya msimamizi yenye nywila, ambayo nakala yake inawekwa kwenye bahasha iliyofungwa ofisini kwa Mkuu wa Shule. Wanafunzi waingie kwa akaunti za kawaida zisizoweza kusimika chochote. Akaunti hizo zikae kwenye seva, kila mwanafunzi na yake, ili akikaa kompyuta ya 3 leo na ya 17 wiki ijayo aikute kazi yake. Msituambie kwamba kuandika majina mia kadhaa ni kazi kubwa: orodha ya wanafunzi tunayo kwenye lahajedwali, na akaunti zote zinaweza kuundwa kwa mkupuo kutoka kwenye faili hilo. Fundi wenu alipendekeza akaunti moja kwa kila mkondo. Hilo linapunguza tatizo bila kulimaliza, kwa sababu wanafunzi 40 wa mkondo mmoja bado wataweza kufutiana kazi. Mfumo wa kuwashia kompyuta (BIOS) nao uwekewe nywila, na kuwasha kwa flashi kufungwe. Bila hivyo, mwenye flashi yenye mfumo mwingine atazipita akaunti zote hizo bila jasho.

Hapa ndipo toleo la Windows linapokuwa na maana. Mkataba unasema Windows Pro, mlizoleta ni Windows Home. Home haiwezi kujiunga na seva ya akaunti za pamoja, kwa hiyo hata mngetaka kufanya tuliyoyataja hapo juu, msingeweza. Isitoshe, kompyuta tisa zina maandishi pembeni mwa kioo yanayodai Windows iamilishwe, na programu za ofisi kwenye zote zimefunguliwa kwa njia ambayo antivirusi inaikamata kila inapokagua diski. Shule haiwezi kufundisha maadili ya TEHAMA kwa programu za wizi.

Kuna jingine ambalo mlipaswa kutueleza kabla ya kusaini. Vichakataji vya kompyuta hizi ni Intel vya kizazi cha 6, wakati Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama cha kutunza funguo za siri, hivyo zinabaki kwenye Windows 10. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo tunawapa hiari mbili: mtuletee leseni halali za Pro na maelezo ya maandishi ya namna kompyuta hizi zitakavyolindwa bila msaada huo, au mziwekee Linux, mfumo endeshi usio na malipo, kwa mfano Ubuntu au Mint, pamoja na LibreOffice, programu za ofisi za bure, na mturudishie fedha za leseni. Kamati inaelemea upande wa pili. Kompyuta zenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) zinaendesha Linux bila kusuasua, na virusi vya flashi vilivyotusumbua viliandikwa kwa ajili ya Windows.

Kilicholetwa kwa jina la seva ni kompyuta ya mezani kama zile nyingine, yenye diski moja, Windows ya kawaida na karatasi iliyobandikwa neno SEVA. Mkataba unataja RAM ya GB 16 na diski mbili zinazonakiliana. Windows za mezani zinaruhusu vifaa visivyozidi 20 kufungua folda za pamoja kwa wakati mmoja, na sisi tuna kompyuta 20 za wanafunzi. Darasa likijaa, kompyuta ya mwalimu ndiyo ya 21, na ndiyo inayokataliwa. Kosa hili lingeonekana siku ya makabidhiano kama mngewasha kompyuta zote kwa pamoja. Mliwasha tano. Seva yenye Linux na Samba, programu ya bure ya kushirikisha folda na akaunti, haina kikomo hicho, haidai leseni ya kila mtumiaji, na inaweza kubeba akaunti zote. Tunataka pia nakala ya kazi zote iende kwenye diski ya nje kila Ijumaa, na diski hiyo ilale nje ya maabara. Mwizi akivunja mlango hachagui, anabeba seva na nakala yake.

Kompyuta zote 20 zilinakiliwa kutoka diski moja bila kusafishwa utambulisho, hivyo zote zina jina moja mtandaoni na Windows inalalamika kwamba jina limerudiwa. Mwalimu alipaswa kuviona vioo vyote kutoka mezani kwake kupitia Veyon, programu isiyo na malipo, lakini hawezi kuziita kompyuta kwa majina yanayofanana. Kama mtabaki na Windows, diski ya mfano ipitishwe kwenye Sysprep, zana ya Windows ya kuandaa diski ya kunakiliwa, kwa chaguo la kuondoa utambulisho kabla ya kunakiliwa. Kisha kila kompyuta ipewe jina lake, D01 hadi D20, na jina hilo liandikwe kwenye kasha, kwenye ncha zote mbili za kebo na kwenye bandari ya swichi. Kwa sasa kebo zote ni za kijivu na hazina alama. Kutafuta moja iliyokatika ni kuzichomoa hadi mtoto wa nyuma apige kelele.

Kuhusu hiyo intaneti mnayosema ni mbovu. Kompyuta zinazokataa kufungua tovuti ni zilezile ambazo betri ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta), CR2032 ya volti 3, imekwisha. Umeme ukikatika, saa ya kompyuta inarudi miaka nyuma, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kama havijaanza kutumika, na kivinjari kinagoma. Simu iliyounganishwa kwenye rauta hiyohiyo inafungua tovuti hizohizo. Betri hizi zibadilishwe zote kwa pamoja kabla ya kuweka akaunti za seva, kwa sababu kompyuta ambayo saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5 itakataliwa kuingia, na mtatuambia tena kwamba mwanafunzi amesahau nywila. Kuhusu bando, kila kompyuta inapakua masasisho yake peke yake: sasisho la MB 500 kwa kompyuta 20 ni GB 10. Wekeni utaratibu wa kupakua mara moja na kugawana ndani ya maabara.

Sasa umeme, na katika hili hatutanii. Mlitumia soketi mbili tu za ukutani na ekstensheni zilizochomekwa moja juu ya nyingine. Mnyororo wa kwanza unabeba kompyuta 12 na printa. Kila kompyuta na kioo chake ni takriban wati 100, jumla 1,200. Printa ya leza inapopasha moto inaongeza zaidi ya wati 800. Hizo ni wati zipatazo 2,000, yaani karibu ampia 9 kwa volti 230. Waya wa ekstensheni umeandikwa milimita za mraba 0.75, ambao ni wa ampia 6. Fyuzi iliyo kwenye plagi ni ya ampia 13, kwa hiyo waya utaungua kabla fyuzi haijakatika. Plagi ya kwanza ya mnyororo huo imeshalainika na kubadilika rangi. Tumeiondoa na kuzima kompyuta sita, na picha zake tumeziambatisha.

UPS zilipaswa kuwa 10, moja kwa kompyuta mbili. Mlileta 5 za VA 650. UPS ya ukubwa huo hubeba wati 360 hadi 390 hivi, nanyi mmeipa kompyuta nne za wati 400. Ndiyo maana hulia na kuzima papo hapo umeme unapokatika. Leteni 5 zilizobaki, na ya ziada kwa ajili ya seva peke yake, yenye waya wa USB wa kuiamuru seva ijizime vizuri kabla betri haijaisha. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS yoyote.

Wanafunzi wanaogusa kasha kwa nyuma wanahisi mtetemo wa umeme. Vichujio vilivyo ndani ya pawa saplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme, humwaga mkondo mdogo kwenye kasha, na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, ndiyo inayouondoa. Ethi isipofanya kazi, kasha hubaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo huo ni mdogo na peke yake hauui, ila unatuambia kwamba siku pawa saplai itakapoharibika na kugusanisha waya wa moto na kasha, hakutakuwa na kinga. Mlichimbia fimbo moja fupi ya ethi karibu na ukuta. Udongo wa Dodoma hukauka tangu Mei mpaka mvua za Desemba, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo kipimo chenu cha wakati wa masika hakina thamani kwetu. Wekeni fimbo mbili au zaidi, ndefu, zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, ziunganishwe kwa waya wa shaba, na mpime kwa kipima ethi kiangazi, mkituachia namba kwa maandishi. Kila safu ya meza ipate soketi za ukutani zenye waya wa milimita za mraba 2.5 na saketi breka yake, pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampia 30. Ekstensheni ziondoke zote.

Matengenezo ya miezi mitatu hayajawahi kufanyika. Kwa vumbi la hapa, hasa upepo wa kiangazi, feni na mapezi ya kupoozea yanaziba mapema, na kompyuta inapunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Mafundi wakija na blowa, washikilie feni isizunguke wanapopuliza.

Diski. Mkataba unasema kila kompyuta iwe na SSD mpya ya GB 240. Sita zina diski za zamani za kuzunguka, na mbili kati ya hizo bado zina mafaili ya watumiaji waliotangulia, zikiwamo nakala za vitambulisho. Tumezichomoa na kuzifungia ofisini. Kuziuza zikiwa hivyo kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Njooni mzichukue kwa kusaini, na mtuthibitishie kwa maandishi kwamba zimefutwa.

Tunataka mfike ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, mkianza na umeme. Kazi haitapokelewa mpaka tuifanyie majaribio haya mbele yetu sote: kompyuta zote 21 ziwashwe kwa pamoja na printa ikichapa, kwa saa moja, na hakuna waya wala plagi itakayopata moto, wanafunzi 20 waingie kwa akaunti zao kwa wakati mmoja, wahifadhi kazi, wabadilishane viti na waikute, mwanafunzi ajaribu kusimika programu kutoka kwenye flashi na akataliwe, kisha swichi kuu ya umeme izimwe, na seva ijizime yenyewe bila kupoteza faili.

Malipo ya awamu ya mwisho yamesimamishwa hadi hapo. Muda huo ukipita bila utekelezaji, tutaajiri fundi mwingine, tutakata gharama zake kwenye kiasi hicho, na tutapeleka shauri Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003.

Viambatisho: nakala ya mkataba, picha za plagi na nyaya, orodha ya kompyuta na toleo la Windows la kila moja, taarifa za diski sita.

Wenu katika kazi,

Mwenyekiti na Katibu,
Kamati ya TEHAMA.

Nakala:
Mkuu wa Shule
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule
Ofisa Elimu Sekondari, Halmashauri ya Wilaya