Wanangu watafiti, hao mabinti wanajua mmefuata nini

Kwenu wanangu mnaosoma PhD na mnaofundisha vyuo vikuu huku Marekani, hasa nyie mliochagua kufanya utafiti wa mabinti weusi mashuleni.

Marahaba. Nimetangulia kuitikia manake najua mna haraka, kila nikimpigia mmoja wenu naambiwa ana dedlaini. Mi ni mkalimani tu wa Kiswahili, shule zinaniita kukiwa na mzazi Mkongo au Mrundi ambaye Kiingereza bado hakijakaa, sina digrii ya kuwafundisha utafiti, ila kwenye hivyo vikao nakaa na mama, na binti, na mwalimu mkuu, na nimesikia mengi.

Kazi yenu ina maana, msije mkanielewa vibaya. Mwaka 2024 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kwamba mabinti weusi ni asilimia 15 ya wasichana wa shule za serikali, lakini ukichukua adhabu za kusimamishwa na kufukuzwa wanazopewa wasichana, karibu nusu zinawaangukia wao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown nao mwaka 2017 waliwahoji watu wazima 325 wakakuta binti mweusi, kuanzia miaka 5 tu, anaonekana kakomaa kuliko mzungu wa umri wake, eti hahitaji sana kubembelezwa wala kulindwa. (Na sisi tusijitoe hapo, mtoto wa miaka tisa akishambeba mdogo wake mgongoni tunamwambia we mtu mzima sasa, halafu tunashangaa mwalimu akimwona hivyohivyo.) Bila watu kama nyie kuhesabu na kuandika, kila mama angedhani ni mwanae peke yake ndo mkorofi.

Sasa linaloniuma ni hili. Miradi yenu inakuja na mambo mawili kwa pamoja, utafiti na kuwashika mkono hao watoto, basi kila Jumatano baada ya shule mnakutana, piza ipo, mnaongea nywele, masomo, chuo, dada mwenye gari lake anamuuliza binti anataka kuja kuwa nani na hakuna mtu wa shule aliyewahi kumuuliza hilo. Na rikoda iko mezani. Fungu la mfadhili likiisha Mei, Septemba Jumatano hakuna mtu. Binti ananiuliza mimi, "Mama, yule dada kahama?" Nimjibu nini, kwamba yuko mkutanoni Chicago anaonyesha maneno yako kwenye slaidi?

Hawa watoto wanajua mapema tu kama umemfuata yeye au umefuata maneno yake. Akishajua ni maneno anakupa yale unayoyataka, habari za kambi ya wakimbizi, njaa, baba aliyeuawa, manake ameona hapo ndo kalamu yako inakimbia. Akianza habari ya hesabu anavyozipenda unaangalia saa.

Halafu fomu. Siku moja nimeitwa kwa jambo lingine kabisa, nikamkuta mama ameshikishwa fomu ya ridhaa ya chuo, kurasa nne za Kiingereza, na anayemtafsiria ni binti mwenyewe, miaka kumi na mbili, anamwambia weka sahihi hapa, ni ya piza. Yaani mtoto anajiombea ruhusa ya kuchunguzwa! Bodi ya maadili ya chuo itaona sahihi ipo, imeisha hiyo.

Mi nasema chukueni wachache. Msimamizi atalalamika sampuli ndogo, mwambieni Mary McLeod Bethune, mwalimu mweusi wa zamani, alianza shule yake Daytona, Florida, mwaka 1904 na mabinti watano na dola moja na nusu, leo hiyo shule ni chuo kikuu. Profesa Ruth Nicole Brown naye, kuanzia 2006 kule Urbana-Champaign, jimbo la Illinois, alikaa na mabinti wakicheza, wakiimba, wakitunga mashairi, hakuwaita aje kuwarekebisha, na vitabu vyake vikatoka humohumo.

Siku ya kwanza kabisa waambieni mnaondoka lini. Aliyeambiwa mapema atanuna kidogo atapoa, anayeachwa kimyakimya anasema hata weusi wenzangu. Na mkiondoka mwachieni mtu wa hapohapo mtaani, mwenye simu inayopokelewa. Makala kabla haijaenda kwenye jarida wasomeeni, wakisema hapa umetusingizia, futa, hata kama ndo sehemu tamu. Mama zao nao waitwe, sambusa ziwepo, wasikie mlichokipata kwa lugha wanayoielewa.

Na mkalimani awekwe kwenye bajeti tangu mwanzo jamani, tiketi za mikutano hamzisahaugi. Asiye na hela ya mkalimani anitumie fomu yake niipitie, sitamtoza kitu, ila iwe ukurasa mmoja na isije Jumapili.