Ahadi za watengenezaji wa chipu zisichapishwe kama matokeo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie habari za prosesa zijazo, yaani chipu zinazoendesha kazi za kompyuta, za kampuni za Intel na AMD, ambazo vyombo vyetu vya habari huzitangaza miezi kadhaa kabla chipu yenyewe haijafika sokoni. Tunaambiwa hii itaipita ile kwa asilimia fulani, na mara nyingi takwimu hiyo imetoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Msomaji anaipokea kama matokeo ya mtihani, kumbe ni ahadi ya muuzaji.

Hapa Arusha ahadi hizo zinawagharimu watu. Mimi ni fundi wa kompyuta, na wateja wangu wengi ni vijana wanaohariri video za harusi na za kampuni za utalii. Yupo anayeahirisha kununua mashine anayoihitaji leo kwa kusubiri kizazi kijacho, Desemba inafika, watu wanarudi Kilimanjaro, harusi zinafuatana, naye hana kitu cha kufanyia kazi. Mwingine alilipishwa bei ya juu katika duka moja la mjini baada ya kuonyeshwa kwenye simu grafu ya kampuni, wala si mashine ikifanya kazi.

Utabiri huu umeshakosea pande zote. Intel ilipoleta Pentium 4 mwaka 2000, ilitarajia muundo ule ungefika gigahezi 10, yaani mizunguko ya kazi bilioni 10 kwa sekunde. Joto likaukwamisha, mwaka 2004 ikaufuta hata mpango wa gigahezi 4, na Pentium 4 ikaishia 3.8. AMD nayo ilileta Bulldozer mwaka 2011 ikijivunia viini vinane, yaani sehemu nane za chipu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, lakini katika kazi zinazotegemea kiini kimoja ilizidiwa na Intel, na mahali pengine hata na chipu za AMD zilizotangulia. Halafu 2017 mambo yakageuka: AMD ilikuwa imeahidi kwamba prosesa yake mpya, Ryzen, itafanya kazi zaidi kwa asilimia 40 katika kila mzunguko, ikatangaza asilimia 52, na wapimaji huru wakakubali kwamba imerudi kwenye ushindani. Kwa hiyo hata kuzipunguza ahadi zote kwa nusu si dawa.

Kinachokosekana katika habari hizi ni masharti ya kipimo. Kasi ya prosesa ni kazi inayofanyika katika kila mzunguko, mara idadi ya mizunguko kwa sekunde, na kwa kazi kama zetu, mara viini vinavyoshiriki. Lakini mizunguko hiyo haikai palepale. Mtu anapoanza kurenda video, yaani kuiacha mashine itengeneze faili la mwisho la video iliyohaririwa, kwenye kompyuta mpakato nyembamba, dirisha la kufuatilia mashine linaonyesha zaidi ya gigahezi 4. Baada ya dakika chache feni zinavuma, sehemu ya juu ya kibodi haishikiki kwa joto, na namba inashuka hadi karibu na 2, ikabaki hapo mpaka kazi iishe. Kipimo cha dakika moja hukamata ule mwanzo tu. Ukiipeleka mashine hiyohiyo Moshi mwezi wa pili, kwenye chumba cha bati, itashuka mapema zaidi.

Mpimaji naye atajwe. Mwaka 2018 Intel ililipia upimaji wa gemu kulinganisha prosesa yake ya Core i9-9900K na Ryzen 7 2700X ya AMD. Ikagundulika kwamba upande wa AMD ulipimwa kwa mpangilio unaozima nusu ya viini vyake. Kipimo kiliporudiwa, tofauti ilipungua. Aliyesoma tangazo la kwanza peke yake alibaki na picha isiyo sahihi.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba kila mnapochapisha utabiri wa aina hii mtaje nani alipima, kwa programu gani, kwa muda gani na kwa wati ngapi za umeme. Chipu ikishatoka, rudini na vipimo vya wasio na maslahi, mviweke kando ya ahadi ya mwanzo ili msomaji aone pengo. Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru wanao wataalamu wanaoweza kuwasaidia waandishi wenu kuzisoma takwimu hizo.

Na wanaonunua wiki hii wasidai grafu. Waende dukani na video yao wenyewe kwenye flashi, wairende kwa nusu saa mbele ya muuzaji, ndipo watoe fedha. Muuzaji akikataa, waende duka jingine.

Fundi wa kompyuta,
Arusha