Asante, kaka mwenye fimbo

Jumamosi mwanangu wa miaka 15 alicheza pool, mchezo wa mipira na fimbo mezani, kwa dau hapa Kansanga, Kampala. Aliuingiza mpira mweusi kabla ya wakati, akashindwa, shilingi 40,000 za ada zikaenda. Akaogopa kurudi nyumbani.

Kaka, wewe mchezaji wa klabu, ulimkuta nje analia. Ulimrudisha ndani, ukawaambia waliokula pesa zake kwamba huyu ni mtoto, ukasimama pale mpaka noti ya mwisho ikarudishwa. Kisha ukamleta kwa boda hadi mlangoni, ukanisalimia, chaki ya buluu bado vidoleni. Nami nilidhani pool ni ya walevi!

Wachezaji wenzake kaka huyu, mkiona mtoto anachezeshwa kwa dau, msipite tu. Kaka, jina sikuuliza, karibu chai.